Kabla hujamfokea fundi aliyechelewa

Nina karakana ndogo ya kushona sare za shule hapa Dar, cherehani tisa na overloki mbili, zile mashine za kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, na kama unaijua hii biashara basi unajua Desemba na Januari ndo msimu wenyewe, mwaka mzima unasubiri hizo wiki chache. Sasa chukua msimu huo uuchanganye na mgao wa umeme. Januari 2024 shule zinafunguliwa tarehe 8, mi nina sketi za marinda na kaptula za bluu zaidi ya mia nne hazijaisha, umeme unakata saa tatu asubuhi unarudi jioni, jenereta ya kukodi inakunywa mafuta kama imetumwa, na wazazi wanapiga simu "fundi vipi, mtoto aende uchi?"

Katika hali hiyo nikamfokea mama wa overloki mbele ya wenzake wote.

Yule ni mtu mzima, kanizidi umri, namwita dada. Alikuwa anachelewa kama wiki hivi, anaingia saa mbili na nusu, nusu saa baadaye umeme huo umeondoka. Macho mekundu, anasinzia, kuna siku overloki ilikula upande mzima wa sketi. Afu kila siku anakuja na madumu mawili ya njano, anayaweka nyuma ya mlango, jioni anayajaza kwenye bomba letu anaondoka nayo. Nikajumlisha mwenyewe kichwani: mvivu, na maji yangu anayamaliza. Nikamwambia, "dada, hapa ni kazini sio kisimani." Watu wakacheka. Yeye hakujibu kitu, akachukua kitambaa akafuta mashine yake taratibu, akaendelea. Kile kicheko kinanisumbua mpaka leo.

Aliyeniambia ukweli ni binti wa vifungo. Kumbe anakokaa yule mama maji yanavutwa na mota ya kisima, umeme usipokuwepo na maji hakuna, na mtaani kwao umeme ulikuwa unarudi saa saba saa nane usiku, kwahiyo anaamka anapanga foleni ya ndoo mpaka karibu na alfajiri, ana wajukuu wawili ndani. Yani mgao uleule ulionitoa mimi jasho, yeye ulikuwa unampiga kazini na nyumbani. Na kwa vile nalipa kwa kipande, siku isiyo na umeme kwake ni sifuri. Utaratibu huo niliuweka mimi, na sikuwahi kuufikiria kwa upande wake.

Nilimwomba msamaha mbele ya walewale waliocheka. Ukimfokea mtu hadharani, kumwita pembeni kumwambia pole ni kumdanganya.

Kitu kingine nilichojifunza, acha kuuliza "mnaendeleaje." Sisi Waswahili mtu nyumba inaungua anakujibu salama, tunamshukuru Mungu. Na bosi ndo haambiwi kabisa. Uliza kitu chenye jibu: jana umelala saa ngapi? Umetoka nyumbani saa ngapi? Siku tusiyoshona mnakula nini? Nilizunguka na daftari, mtu mmoja mmoja, nikaona aibu kwa nilivyokuwa sijui.

Afu ukishajua ubadilishe kitu, la sivyo umefanya umbea tu. Wanaokaa karibu wakahamia usiku na boda nikalipa mimi. Yule mama akawa anaingia saa nne kwa kazi za mkono, vifungo na mapindo, analipwa kwa siku. Overloki ikashikwa na kijana wa jioni, mwanzoni aliboronga sana. Wateja nikawaambia ukweli kwamba oda nyingine hazitawahi tarehe 8, mmoja akaja akachukua kitambaa chake na maneno juu. Faida ya msimu ule ilikuwa ndogo, sitakudanganya.

Na watakaokuchezea wapo. Kijana mmoja wa kukata alifiwa na bibi mara mbili ndani ya mwezi, bibi yuleyule wa Kilosa! Nilimweka chini nikamwambia mi nimekuelewa mara ya kwanza, hii ya pili niambie kinachoendelea. Ilikuwa deni la kubeti. Tukaongea kuhusu deni, siku zake nikazikata.

Februari ule mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukawashwa, megawati 235, mgao ukaanza kulegea na mimi sauti ikashuka. Madumu bado yapo nyuma ya mlango, siku hizi yamefika matano, bili ya maji imepanda kidogo. Yule mama hajawahi kuligusia lile neno la kisimani, na mimi ikifika Novemba natoa daftari naanza na yeye, jana umelala saa ngapi dada.