Jumamosi kikundini, nguvu katikati ya wiki

Kila nikikutana na mtu aliyenunua baiskeli juzi, swali ni lile lile: nijiunge na kikundi sasa au nisubiri kwanza nipate nguvu? Mimi humwambia ajiunge sasa, ila asiende huko kutafuta nguvu. Kikundini unajifunza kuzitumia kwa ubahili. Zenyewe utazijenga siku nyingine, ukiwa peke yako, tena kwa mwendo wa polepole ambao hutatamani kuusimulia.

Kikundi chetu hutoka Nairobi alfajiri, kabla matatu hazijachangamka. Njia tunayoipenda ni ya Magadi: Rongai, Kiserian, kupanda hadi Kona Baridi, kisha kuteremkia Bonde la Ufa vilima vya Ngong vikiwa mkono wa kulia. Ni njia yenye ujanja wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Magadi liko mita 600 hivi, kwa hiyo mlima wenyewe unakungoja wakati wa kurudi. Hata kama hamfiki ziwani (sisi mara nyingi hatufiki), mteremko ulioufurahia asubuhi utaulipia jua likiwa utosini.

Somo la kwanza ni upepo. Kwenye tambarare, anayekaa karibu nyuma ya mwenzake huweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Mgeni haamini mpaka aonje. Kwa woga anaacha nafasi ya baiskeli mbili, upepo unaingia pale, anachoka huku akidhani wenzake wana mapafu ya chuma. Anza na umbali wa mita moja hivi, ukaribie kadiri unavyozoea. Usikodolee macho tairi la mbele yako. Tazama mabega ya mwenzako na barabara iliyo mbele yake, ndipo utajua anapunguza mwendo kabla hajapunguza. Ukiona unamsogelea mno, inua kifua upepo ukuzuie kidogo, au acha kukanyaga sekunde moja. Breki za ghafla huwaangusha walio nyuma yako. Na gurudumu lako la mbele lisipishane kamwe na la nyuma la mwenzako: akikwepa shimo mkagusana, yeye huenda asijue kilichotokea, wewe tayari uko chini.

Kisha kuna matuta, na hapa ndipo wengi wanapoishiwa bila kujua sababu. Wa mbele anapunguza mwendo kwenye tuta, anavuka, anaongeza. Wa pili vivyo hivyo. Habari inapofika mkiani, wa mbele keshaondoka, na wa mwisho lazima akimbize. Njia yenye matuta mengi humfanya wa mkiani akimbize tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali alijiweka nyuma akidhani huko ndiko kwa kupumzikia. Kaa katikati, au hata wa tatu kutoka mbele, ukishaweza kushika mstari ulionyooka bila kuyumba.

Zamu yako ya kuvuta mbele, yaani kuwakingia wenzako upepo, ikifika, usiongeze kasi. Shika mwendo uleule, vuta muda mfupi, onyesha kwa kiwiko kwamba unatoka, tazama nyuma kama hakuna gari, jitoe pembeni. Halafu usiache kukanyaga! Nimewaona wengi wakivuta kwa fahari, wakipumzika kidogo tu kundi likiwapita, na gurudumu la mwisho likawaponyoka. Pengo la mita tano kwenye upepo wa mbele ni kazi kubwa kuliko zamu yote uliyovuta.

Mzee mmoja wa kwetu hana maneno mengi, ila mgeni aking'ang'ania gia nzito kwenye mlima utamsikia: "Kijana, gia hubadilishwa kabla ya mlima." Na kweli, ukishasikia mnyororo unalia na mapaja yanawaka, umechelewa. Shusha gia mapema, miguu izunguke kwa wepesi. Kwenye tambarare mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika inatosha.

Mlimani kila mtu na wake. Panda kwa pumzi yako, wengine wakungoje juu. Kuachwa si aibu: kwenye mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, mbio kuu ya wanaume ilikuwa na milima mingi kiasi kwamba waliomaliza walikuwa 30 tu, na hao wote walioachwa, kuendesha baiskeli ndiyo kazi yao. Na ukianza kujiona, subiri upitwe na baba wa Limuru aliyebeba mitungi ya maziwa kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia.

Sasa katikati ya wiki. Ukiweza kupata siku mbili au tatu, hata za saa moja moja, nyingi ziwe za mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Utahisi unapoteza muda. Vumilia, maana huo ndio unaozoesha moyo na misuli kukaa barabarani saa nyingi. Siku moja tu ndiyo ya kujikaza: tafuta kilima cha dakika nne au tano, panda kwa nguvu, teremka taratibu, rudia mara tatu au nne, nenda nyumbani. Anayejikaza kila siku huifikia Jumamosi akiwa na miguu mizito, halafu anailaumu baiskeli. Ongeza umbali kidogo kidogo, na baada ya wiki tatu nzito, ya nne iwe nyepesi.

Chakula ni kabla ya njaa. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kila nusu saa: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, chapati iliyokunjwa. Maji nusu lita kwa saa, na zaidi ukiwa bondeni, chupa moja ikiwa na chumvi kidogo na sukari. Ukisubiri njaa ikubane ndipo ule, utakula na miguu itakuwa imeshagoma.

Kabla ya kujiunga, uliza mambo matatu: mwendo wa wastani kwenye tambarare, umbali, na kama wanamngoja aliyepata pancha. Kofia ngumu, mpira wa ziada, pampu na taa ya nyuma ni lazima, hilo halina mjadala. Wakikujibu "njoo tu utaona", tafuta kikundi kingine.