Simu zimelala kabatini, na yangu pia

Juzi dada mmoja wa Malindi ameniandikia, mwanawe yuko Gredi ya 4, akirudi shule ni simu tu, kitabu hataki hata kukiona, afanyeje. Dada, umenitonesha kidonda.

Wangu alikuwa Gredi ya 5. Usiku namwona kajifunika gubigubi, mie najua kalala, mpaka siku moja nikaona shuka linang'aa kwa ndani kama fanusi. Saa sita usiku, gemu, tena kwa bando langu! Asubuhi haamki, darasani anasinzia. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu akanisema mbele ya watu, eti mwanao anakuja shule kulala, na wallahi mpaka leo nikikutana naye pale uwanja wa Mkunguni, Lamu, nageuza uso. Ila alisema kweli, mwanga wa simu usiku unafukuza usingizi.

Nikampokonya. Wiki nzima nyumba haikukalika, na vitabu hakugusa ng'o. Hapo ndo nikajua kumpokonya peke yake si dawa, lazima umpe kitu kingine.

Babu yake ni fundi wa majahazi Matondoni, nikamwambia baba, Jumamosi kaa naye. Akapewa pamba ya kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za jahazi, halafu tepu ya kupimia. Ubao una futi 12 na inchi 6, babu anataka vipande vitatu sawasawa, haya piga hesabu, ukikosea mbao imeharibika. Akapata futi 4 na inchi 2. Jioni karudi na vumbi la mbao nyweleni, "Mama, kumbe fraksheni za mwalimu ndo hizi?" Muhula huu hesabu kapanda kutoka 31 mpaka 58, na najivunia, niacheni.

Sasa wazazi wenzangu tuache kujidanganya. Simu tumewapa sisi, wanyamaze tupate kuchati kwenye magrupu ya harusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa moja kwa siku kwenye skrini, wangu umri huo alikuwa hali uji bila katuni. TikTok wenyewe wanataka miaka 13, sisi tunawadanganyia umri. Usiku simu zitoke chumbani. Nasema tena, zitoke, na yako pia.

Kwetu ikifika saa mbili usiku simu zote zinaingia kabatini. Jana nilichelewa kidogo, nilikuwa naangalia vitambaa vya sare, mara namwona kasimama mbele yangu kanyoosha mkono, hasemi neno, uso kama wa yule mwalimu wake.