Wawili tutatosha?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni msusi hapa Kondele, Kisumu. Jioni tukifunga saluni huwa tunafanya mazoezi ya maigizo. Tumeona filamu ya Educating Rita na tunataka kuicheza, lakini mle mna mume, wazazi, wanafunzi, chuo kizima. Sisi tumebaki wawili. Tuache?

JIBU: Msiache, dada! Filamu hiyo ya 1983 ndiyo iliyoongeza watu. Tamthilia yenyewe ya Willy Russell, iliyoonyeshwa London mwaka 1980, ina wahusika wawili tu: Frank, mhadhiri mlevi, na Rita, mtengeneza nywele wa Liverpool anayetaka kusoma fasihi. Russell mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyo ya saluni, na inaonekana.

Yote hutokea ofisini kwa Frank. Mume wa Rita anapochoma vitabu vyake, jukwaani hatuoni moshi wala mume. Rita anasimulia tu. Mimi huona hapo tamthilia inaishinda filamu, ingawa Julie Walters, mwigizaji aliyekuwa Rita wa kwanza jukwaani kisha kwenye filamu, ni mzuri kote kuwili.

Mahitaji? Meza, viti, vitabu vingi vya kuficha chupa nyuma yake, na mlango unaokwama, maana Rita huingia kwa kuusukumasukuma. Mwishoni anamkata Frank nywele. Mkasi mnao.

Ila ombeni ruhusa ya wenye hakimiliki ya tamthilia kabla ya kuuza tiketi hata moja. Na yule atakayekuwa Frank asifanye mazoezi na chupa yenye kitu. Chai ya rangi inatosha.