Umeteuliwa meneja wa mradi wa kanda? Anza na mvua

Vijana wanaoteuliwa kuwa mameneja wa miradi wa kanda wakinipigia simu, swali la kwanza karibu kila mara ni cheti. Asome PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, sasa au asubiri? Atumie programu gani kupangia kazi? Huwa najibu kwamba hayo ni mazuri na yana wakati wake. Kwanza ajue mvua huanza lini huko anakokwenda, wakulima wanavuna lini, na mwaka wa fedha wa mfadhili wake unafungwa mwezi gani. Asipoyajua haya, mpango kazi wake utapendeza ukutani tu.

Nasema kutokana na kazi niliyoifanya mwenyewe: miradi ya maji vijijini Dodoma na Singida, chini ya shirika lisilo la kiserikali. Wewe huenda uko kwenye afya au kilimo, Mbeya au Mwanza. Mengi utayakuta vilevile, tarehe ndizo zitakazobadilika.

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Ikishakolea, barabara zinazokatiza kwenye mbuga za udongo mweusi hazipitiki kwa lori, na makorongo uliyoyavuka makavu mwezi Oktoba yanashuka maji ya kubeba gari. Mtambo wa kuchimba visima ni mzito. Ukizama Januari, utakaa hapohapo, na mkandarasi ataleta madai ya siku za kusubiri. Kwa hiyo uchimbaji ni Juni hadi Oktoba, na kila kitu kingine kinajipanga nyuma ya hapo: upimaji wa maeneo umalizike kabla, mkataba usainiwe kabla, malipo ya awali yatoke kabla. Ukihamishwa kutoka Kanda ya Ziwa, ambako kuna vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi, usije na mpango kazi wako wa zamani ukabadilisha majina ya vijiji.

Kuna pia msimu wa watu. Wananchi wanapochangia nguvu kazi kuchimba mitaro ya mabomba, Desemba usiwategemee, wako shambani wanapanda. Mei na Juni wanavuna mtama, uwele na alizeti. Julai hadi Septemba ndipo mikono ipo, na hata mchango wa fedha hupatikana kwa sababu mazao yameuzwa. Mwenyekiti wa kijiji hatakukatalia ukimwomba watu mwezi Desemba. Atasema watajitahidi, utaandika kwenye taarifa kwamba kijiji kimekubali, halafu utashangaa mtaro hausogei. Muulize badala yake mwaka jana wakati kama huo watu walikuwa wapi.

Sasa weka juu ya hayo mwaka wa fedha wa Serikali, Julai mosi hadi Juni 30. Kama andiko la mradi linasema halmashauri itachangia chochote, hata mafuta ya gari la mhandisi, mchango huo lazima uingie kwenye bajeti yao, na bajeti hiyo huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Ukifika Machi na ombi zuri, watakusikiliza kwa heshima zote na kukwambia lisubiri mwaka ujao. Juni wahasibu wanafunga hesabu, usitegemee kumpata mtu wa kukaa naye nusu siku. Kuanzia Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti linapokuwa Dodoma, hata chumba cha kulaza wageni wako wa semina utakitafuta kwa tochi. Mfadhili naye ana mwaka wake: wengine Januari hadi Desemba, Serikali ya Marekani Oktoba hadi Septemba. Huyu anataka fedha ziishe Septemba, yule hajafungua vitabu vyake vya Julai, na mvua ni Novemba. Hapo katikati ndipo mshahara wako ulipo.

Jambo jingine ambalo wageni wa nafasi hii hawalioni mapema: kanda haina mkuu. Mkoa una Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala, wilaya ina Mkuu wa Wilaya, halmashauri ina Mkurugenzi na madiwani, kata na kijiji vina watendaji. Baadhi ya taasisi zina ofisi za kanda, lakini katika ngazi za utawala kanda haipo. Kadi yako inasema meneja wa kanda, na katika kanda hiyo yote hakuna hata mtu mmoja wa Serikali anayewajibika kwako. Meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, ana mabosi wake na malengo yake. Mganga wa zahanati unayoipelekea bomba ana wa kwake. Unachoweza kufanya ni kuwafanya waone faida ya kukupokea, na kufika kwao kwa njia inayokubalika.

Njia yenyewe ni barua. Barua ya utambulisho inaanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi, kisha kwa Mtendaji wa Kata, kisha wa Kijiji. Kila ofisi utasaini kitabu cha wageni. Wapo wanaoona huu ni upotezaji wa muda na kukimbilia kijijini moja kwa moja. Mimi napenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kata. Hapo ndipo unaposikia kwamba eneo ulilopewa kujenga tenki lina kesi ya ndugu wawili, au kwamba diwani aliahidi kisima hicho kitongoji kingine. Barua ya utambulisho haina habari hizo. Ila ukisikia Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi hawapikiki chungu kimoja, usikubali kupeleka ujumbe wa huyu kwa yule, hata kwa utani. Wewe peleka taarifa ileile, kwa maneno yaleyale, ofisi zote mbili, siku moja.

Ardhi isimamie kwa karatasi. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukiukosa wa Machi, unangojea wa Juni au unaomba wa dharura. Hakikisha unapata muhtasari wenye majina, saini na muhuri, ubaki na nakala ofisini kwako. Viongozi hubadilika. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliingiza wenyeviti wapya katika vijiji vingi, na mwenyekiti mpya halazimiki kukumbuka makubaliano ya mdomo ya mwenzake. Ukimwonyesha muhtasari mnaendelea mlipoishia.

Halafu kuna Mwenge wa Uhuru. Mbio zake huanza Aprili na kufikia kilele Oktoba 14, yaani zinapita wakati wa ukavu wote ambao wewe ndio unajenga. Mradi wako ukichaguliwa kuwekewa jiwe la msingi au kuzinduliwa, utaambiwa andaa jalada. Jalada hilo liwe limeandaliwa tangu siku ya kwanza ya ujenzi: mkataba, BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake), risiti, majibu ya vipimo vya maji na zege, daftari la eneo la ujenzi, muhtasari wa ardhi. Kiongozi wa mbio za Mwenge anaweza kuomba karatasi yoyote mbele ya umati, na miradi imekataliwa kuzinduliwa hadharani kwa sababu ya nyaraka. Meneja mwenye jalada kamili hapati hata jasho. Asiye nalo atatumia wiki nzima kutengeneza historia, na historia ya kutengenezwa ina harufu yake.

Kwenye fedha za ujenzi nitasema machache, kwa kuwa wahandisi watakwambia zaidi. Usinunue pampu kabla kisima hakijapimwa wingi wa maji. Usisanifu mtandao wa mabomba kabla ya majibu ya maabara. Singida na baadhi ya maeneo jirani yana visima vyenye chumvi na floraidi nyingi, na kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye maji tele yasiyonyweka ni hasara iliyokamilika. Na kabla hujasaini mkataba wa uchimbaji, soma kifungu cha kisima kikavu: nani analipa, mita ngapi, na uamuzi wa kuacha kuchimba ni wa nani. Kwenye miamba ya Dodoma kifungu hicho kitatumika, hilo weka akilini.

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na barua za kusimamisha kazi zikafuata haraka. Waliokuwa na miradi yenye fedha hizo wanajua kilichotokea kwa mitaro iliyokuwa wazi. Tangu zamani nilikuwa napendelea kumaliza kijiji baada ya kijiji kuliko kufungua vijiji vyote kwa wakati mmoja, na baada ya mwaka huo silijadili tena. Wafadhili wengi hupenda kuona kazi imeanza kila mahali robo ya kwanza, kwa sababu inapendeza kwenye taarifa. Bishana nao kwa upole. Waonyeshe kwamba kwa fedha zilezile, ukimaliza vijiji viwili kwanza, robo ya pili tayari kuna watu wanaokunywa maji. Na kama lolote likitokea huko Washington au Brussels, kilichokwisha kimekwisha na kinatumika.

Timu yako itakuwa mbali nawe. Dodoma hadi Singida mjini ni kama kilomita 240 za lami, lakini afisa wako yuko mbele zaidi, huko ambako mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu. Usikubali taarifa inayosema kazi inaendelea vizuri. Sentensi hiyo huandikwa kazi ikiwa nzuri, ikiwa mbaya, na ikiwa haijaanza. Mimi huuliza kesho saa mbili asubuhi nani atakuwa wapi anafanya nini, na vifaa vyake viko mkononi au bado viko njiani. Afisa anayejua atajibu kwa sekunde chache. Anayenyamaza amekujibu pia, na siku inayofuata nenda ukamwone, bila ukali. Mara nyingi amekwama kwenye kitu kidogo anachoona aibu kukisema, labda fundi amegoma kwa kudai posho, labda masurufu, yaani fedha alizopewa kabla ya safari ili azitolee hesabu akirudi, ya safari iliyopita hayajarejeshwa na mhasibu amemzuilia mengine.

Masurufu, kwa kweli, ndiyo yanayoharibu urafiki mwingi kazini. Weka utaratibu kwamba hakuna safari mpya kabla ya ile ya nyuma kurejeshewa hesabu, na uanze na wewe mwenyewe. Wakiona meneja anabandika risiti zake za mafuta jioni ileile, hutahitaji kuwaandikia dokezo.

Dereva mheshimu. Anajua barabara, anajua vijiji, na ndiye anayesikia wananchi wanasema nini wewe ukiwa ndani ya mkutano. Ukimuuliza wakati wa kurudi, atakwambia mambo ambayo hayamo kwenye muhtasari wowote. Usimlazimishe kuendesha usiku kwa sababu una kikao asubuhi. Land Cruiser mkonga nayo inapinduka. Na kwa kuwa uko Singida, utashawishika na kuku wa kienyeji, bei yao na ladha yao. Nunua, kula, beba hata wawili. Gari la mradi likishageuka tenga la kuku kila Ijumaa, wananchi wataanza kukuhesabia, na wana haki.

Kuhusu familia sina ushauri mkubwa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mwenye watoto Dar es Salaam anaweza kuwaona mwisho wa wiki bila kulala barabarani, na hiyo peke yake imeokoa ndoa za watu ninaowafahamu. Wakati wa usaili uliza waziwazi siku ngapi kwa mwezi utakuwa vijijini, wala usiridhike na jibu la "inategemea".

Tarehe ya makabidhiano nayo ichague mapema. Chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2019, skimu za maji vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vikisimamiwa na RUWASA. Wafadhili hupenda sherehe ya kukabidhi mwishoni mwa mradi, na mwisho wa mradi mara nyingi unaangukia Desemba au Machi. Huo ni wakati mbaya kuliko yote. Mvua ikinyesha, watu wanachota kwenye madimbwi na kukinga mabati, mauzo ya ndoo yanashuka, na chombo kipya kinaanza maisha yake bila fedha ya umeme wala ya mlinzi. Ukiweza, kabidhi Julai au Agosti, huku ukiwa bado umeshikilia zile fedha za mkandarasi za kipindi cha matazamio, zinazobakizwa mpaka ihakikishwe kazi yake haina kasoro. Chombo kikusanye mapato miezi mitatu ya ukavu wewe ukiwa bado unapita. Omba kuona daftari la mauzo na stakabadhi za benki kila unapopita, na bomba likipasuka wiki hizo, waache wao ndio wampigie fundi.