"Weupe" au "uzungu"?

Msomaji mmoja anayesoma Marekani ameniandikia: "Darasani tunajadili weupe kama utamaduni wenye maadili yake, si rangi ya ngozi tu. Nikitaka kuwaeleza wa nyumbani, niseme weupe au uzungu?"

Sema uzungu, ndugu yangu. Weupe utakupotezea wasikilizaji mapema. Dar es Salaam ukitaja "yule binti mweupe", watu watamtafuta Mwafrika mwenzao ambaye ngozi yake haikukoza. Aliyeingia "mweupe" kwenye mtihani hakusoma chochote. Tena hata huko uliko, jambo hili halikuwa la rangi tu. Sheria ya 1790 iliruhusu uraia kwa wageni "weupe" walio huru. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilimkatalia uraia huo Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa India, ingawa wataalamu wa siku zile waliwaweka watu wa kwao kundi moja na Wazungu.

Kiswahili kimeliona hilo zamani. Kiambishi u- hubeba hali na mwenendo: utu, uungwana, ushamba. Mtu mweusi tititi, akialikwa saa nane anafika saa nane kamili, na mgeni asiyepiga simu kwanza anamkera. Majirani watasema "ana uzungu huyo". Hakuna aliyetazama ngozi yake. Wamepima anavyouthamini muda na anavyoilinda faragha yake, na hayo ni maadili.

Linalonisumbua zaidi ni neno jingine. Nenda sokoni ukanunue kuku. Yule tuliyemwita kuku wa kizungu, leo muuzaji anakuuliza: "Nikupe wa kienyeji au wa kisasa?" Kuku ni yuleyule, ila jina limeficha alikotoka. Cha Wazungu kimekuwa cha wakati huu, chetu kimebaki cha wenyeji, kana kwamba wenyeji hawaishi wakati huu. Sikiliza pia "nyumba ya kisasa", "mavazi ya kisasa", kisha jiulize ni usasa wa nani.

Si mara ya kwanza. Ustaarabu umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kujifanya Mwarabu, kufuata mwenendo wao. Katika karne ya 19 neno hilo lilianza kukikalia kiti cha uungwana pwani yetu, na leo ni wachache wanaomsikia Mwarabu ndani yake. Kwa hiyo unapoandika, pale unapomaanisha kizungu andika kizungu, usikimbilie kisasa.

Angalizo moja. Ukifika kwenye thamani ya mtu kujiamulia mambo yake bila kungoja ukoo, usiandike "ubinafsi". Kwetu hilo ni tusi, maana yake uchoyo, na wasomaji wako watakuwa wamehukumu kabla hujawaeleza. Andika "kumtanguliza mtu mmoja mbele ya ukoo". Ni maneno mengi, lakini yatafika.