Jibu: Wazee wanasinzia kwenye kipindi cha muziki, nifanyeje?

Mkuu, umesema umeanza kazi kwenye nyumba ya wazee huko Uingereza, umekabidhiwa saa moja ya muziki kila Alhamisi, na wazee wenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) wanasinzia tu ukiwawekea nyimbo za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi niko Leicester, mwaka wa sita kwenye kazi hii, na nilianza hivyo hivyo.

Tatizo ni hesabu. Mzee wa miaka 80 leo kazaliwa katikati ya miaka ya 1940. Vita vinaisha yeye bado ananyonya. Ujana wake ni miaka ya 1960, enzi za bendi ya Beatles. Nyimbo zinazong'ang'ania kichwani ni za ujanani, tuseme kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi hubaki hata mtu akishasahau majina ya wanawe. Sasa wewe unampigia Vera Lynn, yule mwimbaji wa wakati wa vita, nyimbo za mama yake! Nilikuwa na mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, miezi mitatu hajanijibu neno. Siku nilipobadilisha muziki, kidole gumba cha mguu kikaanza kucheza ndani ya ndara. Kidole tu. Wimbo wa tatu akauliza chai yake iko wapi.

Kwa hiyo iulize familia: alikuwa mtu wa kanisani au wa dansini? Harusini kwake walipiga nini? Halafu zima TV. Zima, usipunguze sauti. Angalia na betri za vifaa vya masikio, maana kuna bibi nilimwandika "hashiriki" wiki nzima kumbe hasikii.

Saa nzima ni ndefu, dakika 20 zinatosha. Muziki mwingine upeleke bafuni. Ukiimba taratibu huku unamvua shati, ile mikono iliyokaza inalegea yenyewe.

Ila akilia, simamisha uulize. Mimi niliwahi kuendelea nikidhani ni machozi ya furaha, kumbe ndio wimbo aliozikiwa mumewe. Andika kwenye faili, wa shifti ya usiku naye ajue.

Sasa hivi tuna bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Kiingereza kimemtoka, kimebaki Kigujarati na Kiswahili. Kila magharibi anashika kitasa, anataka kwenda kwao. Juzi nikamwekea taarab kwenye simu, nikajitia kuimba. Akaachia kitasa, akanigeukia: "Maneno sio hayo, mwanangu."