Ukurutu umeota usaha: krimu ipakwe vipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 5 ana ukurutu (pumu ya ngozi) nyuma ya magoti. Sasa unatoa majimaji na magamba ya njano. Nimepewa krimu yenye fusidiki asidi na haidrokotisoni. Nipake vipi? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Magamba hayo kwa kawaida ni kazi ya bakteria aitwaye stafilokokasi, aliyepenya kwenye ngozi iliyochunika kwa kujikuna. Fusidiki asidi hupambana naye. Haidrokotisoni hutuliza uvimbe na mwasho.

Kwanza lowanisha magamba kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu mpaka yalainike, uyatoe taratibu. Dawa ikipakwa juu ya gamba haifiki kwenye ngozi. Kausha kwa kugusagusa. Kamua krimu kutoka ncha ya kidole chako hadi pingili ya kwanza: ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka asubuhi na jioni. Mafuta ya kulainisha ngozi yasubiri nusu saa.

Tumia siku 7, zisizidi 14, maana bakteria huzoea dawa. Tafadhali usibadilishe kwa zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni. Ni kali mno kwa mtoto, hukondesha ngozi.

Akipata homa, wekundu ukisambaa, au vidonda vidogo vya duara vyenye maumivu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vidonda hivyo huenda ni virusi vya hapesi, na krimu hii haiviwezi.